Gundi Inataka Saa Nzima

Kila asubuhi Fundi Rula alipiga pasi shati lake la kazi mwenyewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na pasi ilikuwa ya mkewe, lakini Fundi hakukubali kusaidiwa.

"Baba Mapacha, hapo unapiga pasi au unatafuta mikunjo mipya?" mkewe alimtania.

"Mama Mapacha, shati ni langu na mikunjo ni yangu."

Mapacha wao, wasichana wawili wa miaka sita, walicheka huku wakinywa uji. Kisha Fundi akatia rula yake ya chuma kwenye mfuko wa kifuani, akaondoka. Ni rula hiyo iliyompa jina. Kazini hakuna kitu alichokipitisha bila kukipima.

Fundi Rula alikuwa msimamizi wa zamu katika karakana ya kuunganisha majokofu. Si majokofu ya kupozea soda. Haya yalikuwa majokofu ya chanjo. Yalipelekwa kwenye vituo vya afya, na ndani yake zikakaa dawa za kuwakinga watoto na maradhi. Chanjo ikipata joto, inaharibika. Na iliyoharibika haina alama usoni. Muuguzi anaweza kumchoma mtoto sindano asijue kwamba amemchoma maji matupu.

Kampuni ilikuwa kubwa. Ilikuwa na viwanda katika nchi tisa, na watu wake walihamishwa huku na huko. Katika zamu ya Fundi kulikuwa na watu kumi na wanne. Kumi na wawili walikuwa wenyeji. Wawili walitoka nje.

Wa kwanza alikuwa Injinia, mkuu wa karakana, mwanamke mrefu aliyetoka makao makuu ya kampuni, nchi ya mbali yenye baridi. Alijifunza lugha ya wenyeji kwa miezi minane, na aliisema vizuri. Ila maneno yake yalikuwa makavu. "Hii ni nzuri. Hii ni mbaya. Rudia." Basi, kamaliza.

Wa pili alikuwa mtu wa gundi. Alikuja kutoka kiwanda cha kampuni hiyohiyo katika nchi nyingine, nchi ya joto na mvua nyingi. Kazi yake ilikuwa kubandika mpira wa mlango, yaani ule ukanda unaouzunguka mlango wa jokofu ili baridi isitoke. Mikono yake ilikuwa myepesi, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Lakini hakusema. Ukimwuliza lolote, anainamisha kichwa kidogo na kujibu, "Ndiyo." Wenzake wakambandika jina: Bwana Ndiyo.

Mambo yaliharibika Jumanne moja, wakati wa mvua.

Saa nne asubuhi majokofu matatu yalirudishwa kutoka ghalani. Mpira wa mlango ulikuwa umebanduka pembeni. Injinia aliinama, akaushika mpira kwa vidole viwili, ukatoka kama ganda la ndizi. Akanyanyuka.

"Fundi, kazi hii ni mbaya," alisema kwa sauti ya kusikika karakana nzima. "Nani aliyakagua?"

"Mimi, Injinia."

"Basi hukukagua vizuri. Ijumaa lori linakuja kuchukua majokofu sitini. Rekebisha."

Akaenda zake. Watu kumi na wawili wakainamia kazi zao kana kwamba hawakusikia. Fundi alihisi masikio yanawaka moto. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwambia hivyo mbele za watu. Alimwendea mtu wa gundi.

"Unafuata maagizo? Unapaka gundi, unasubiri dakika ishirini, ndipo unabandika?"

"Ndiyo."

"Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna tatizo."

Fundi akashusha pumzi. Tatizo lingetoka wapi basi?

Jioni alirudi nyumbani, akaketi mezani akaomba karatasi. Mkewe alikuwa akidarizi ukosi wa gauni. Alimtazama mumewe akiandika, akikata, akiandika tena.

"Barua ya nani hiyo?"

"Ya kuacha kazi."

Sindano ikasimama. "Kumetokea nini?"

Fundi alimweleza. "Nitavumilia kazi ngumu, Mama Mapacha. Kudharauliwa siwezi. Yule mwanamke hana adabu. Na yule mwingine, Bwana Ndiyo, ukimwambia mbingu ni ya kijani atasema ndiyo. Mmoja anasema kupita kiasi, mwingine hasemi kabisa. Nitafanyaje kazi na watu wa namna hiyo?"

Kabla mkewe hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, Mama Simu, amekuja kuchukua gauni lake. Mama huyu alifanya kazi ya kupokea simu katika kampuni ya mizigo kwa miaka ishirini na sita. Kila siku alizungumza na wateja wa nchi nyingi, wenye furaha na wenye hasira.

"Shikamoo, Mama Simu," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Mbona nyumba imepoa? Kuna msiba?"

"Upo karibu," alisema mkewe. "Mwenzangu anaizika kazi yake."

Mama Simu aliketi. Aliomba aelezwe, akaelezwa. Hakumkatiza Fundi hata mara moja. Fundi alipomaliza, Mama Simu aliuliza maswali mawili tu.

"Huyo Injinia, mtu akifanya vizuri, husemaje?"

Fundi akafikiri. "Husema: hii ni nzuri. Hivyohivyo, mbele ya watu wote."

"Na yeye mwenyewe akikosea?"

"Mwezi uliopita alikosea kipimo. Alisimama akasema, 'Nimekosea, vipimo vyangu vilikuwa vibaya.' Tulishangaa sana."

"Basi, mwanangu, huyo hakudharau. Huyo amekulia mahali ambapo kusema wazi ndiyo heshima. Mimi nilikuwa na wateja wa aina hiyo. Mwanzoni nilikuwa nalia chooni. Baadaye nikagundua kwamba mtu akishanipigia kelele juu ya mzigo wake, kesho ananisalimia kama ndugu. Hasira yake ilikuwa kwa mzigo. Haikuwa kwangu."

"Na Bwana Ndiyo je?"

Mama Simu alitabasamu. "Hao ndio walionitesa zaidi. Nilikuwa na mteja mmoja mpole sana. Nikimwuliza, 'Tulete mzigo Jumatatu?' anajibu, 'Ndiyo.' Tunapeleka, ghala lake limefungwa! Mara tatu. Ndipo nikajifunza kwamba ndiyo yake haikuwa na maana ya 'nimekubali'. Ilikuwa na maana ya 'nimekusikia, nakuheshimu, endelea'. Hapana yake ilikuwa kwenye kimya kilichofuata, na mimi sikuwa nasubiri kimya. Nilikuwa nakata simu."

Mke wa Fundi akacheka. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Haswa! Sasa sikiliza, jirani. Usimwulize mtu huyo swali la ndiyo au hapana. Usimwulize mbele ya wenzake. Mwulize, 'Kule kwenu kazi hii mnaifanyaje?' Au mwambie, 'Nionyeshe.' Halafu nyamaza. Meza mate mara tatu kabla hujakijaza kimya chake kwa maneno yako."

Fundi alichukua kalamu ile ya kuachia kazi, akaandika maneno hayo nyuma ya barua.

Mama Simu akamwonya. "Lakini usije ukabeba maneno yangu kama kamusi. Usimpime mtu kwa bendera yake. Nimeona watu wa nchi moja, nyumba moja, mmoja ngoma na mwingine jiwe. Uliza mtu, usiulize nchi yake."

"Na mimi mwenyewe?" Fundi aliuliza polepole. "Leo niliona gundi bado inang'aa wakati inabandikwa. Nilihisi haijakauka. Sikusema. Karatasi ya maagizo imetoka makao makuu. Mkubwa hakosolewi."

Mama Simu na mke wa Fundi wakatazamana.

"Baba Mapacha," mkewe alisema, "kumbe Bwana Ndiyo wako wawili."

Asubuhi Fundi aliiacha barua nyumbani. Alifika karakanani na hamu ya kujaribu, na hamu ikamponza. Alimkuta mtu wa gundi katikati ya wenzake, akasema kwa sauti, "Ndugu, hebu tueleze, kwenu kazi hii mnaifanyaje?"

Watu wote wakageuka. Mtu wa gundi akainamisha kichwa.

"Ndiyo," alisema.

Kicheko kikalipuka. "Bwana Ndiyo, huko kwenu mnafanya ndiyo?" mmoja akapiga kelele. Mtu wa gundi naye alitabasamu, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua kitambaa. Fundi akaona aibu. Aliambiwa asimwulize mbele ya watu, na hilo ndilo la kwanza alilolifanya.

Wakati wa mapumziko alimfuata. Mtu wa gundi alikuwa peke yake kwenye benchi karibu na bomba, akinywa chai. Fundi aliketi kando yake. 

Kisha akasema, "Nisamehe kwa asubuhi. Nimekuaibisha."

Mtu wa gundi alimtazama kwa mshangao.

"Nataka kujifunza. Kule kiwanda chenu, mpira wa mlango mlikuwa mnaubandika vipi?"

Kimya. Fundi akameza mate mara ya kwanza. Mvua ilikuwa ikigonga bati. Akameza mara ya pili. Ulimi ulimwasha kweli. Akameza mara ya tatu.

Mtu wa gundi aliweka kikombe chini, akasimama. "Njoo."

Walirudi kwenye meza yake. Alipaka gundi kwenye kipande cha bati, akatazama saa. Dakika ishirini zilipotimia, alibonyeza gundi kwa dole gumba. Dole likatoka na uzi mweupe mrefu.

"Hii mbichi," alisema. "Gundi hii ina maji. Inakaushwa na hewa. Hewa ikiwa kavu, dakika ishirini sawa. Mvua ikinyesha, hewa imejaa maji. Gundi inataka saa nzima. Kwetu mvua ni miezi minane. Tunasubiri saa nzima."

"Lakini majokofu yanapita kwenye ukaguzi!"

"Leo yanapita. Baada ya siku mbili, tatu, mpira unanyanyuka. Huoni kwa macho. Lete karatasi."

Fundi alileta kipande cha karatasi. Mtu wa gundi alifungua jokofu moja la juzi, akaweka karatasi mlangoni, akaufunga mlango juu yake. Alivuta. Karatasi iliteleza, ikatoka bila kushikwa.

"Karatasi ikitoka, baridi inatoka."

 Fundi alifikiria majokofu sitini ghalani. Alifikiria Ijumaa.

"Ndugu yangu, kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Mtu wa gundi alichagua maneno yake moja moja. "Maagizo yameandikwa makao makuu. Yana sahihi. Mimi ni mgeni. Nikisema yamekosea, namwaibisha aliyeandika. Nakuaibisha wewe uliyenipa. Kwetu mtu mzuri hafanyi hivyo. Nilisubiri uniulize. Uliuliza kama nafuata maagizo. Nilikuwa nafuata."

 Fundi alitoka moja kwa moja hadi ofisi ya Injinia. Mkono wake ulisita kwenye kitasa. Kisha akaingia.

"Injinia, karatasi ya maagizo imekosea."

Alisubiri radi ipige. Injinia aliweka kalamu chini na kusimama.

"Nionyeshe," alisema.

Walimchukua mtu wa gundi, wakaenda ghalani wote watatu. Walipima majokofu kumi ya kwanza kwa kipande cha karatasi. Kwa manne kati ya hayo kumi, karatasi iliteleza. Injinia alirudia kulipima la nne kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamgeukia mtu wa gundi.

"Asante," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu aje, akaongeza neno: "Asante sana."

Jambo lililofuata Fundi hakulisahau maisha yake yote. Injinia aliita karakana nzima. "Lori la Ijumaa haliondoki," alisema. "Nilileta maagizo haya kutoka nchi kavu, sikuuliza kama hapa ni pakavu. Kosa ni langu. Na jana nilimlaumu Fundi mbele yenu. Leo namwomba radhi mbele yenu."

Halafu akapiga simu makao makuu. Fundi alimwona kupitia kioo cha ofisi, akitembea huku na huku. Ilikuwa wazi kwamba upande wa pili hawakufurahi. Aliitikia, akanyamaza, akakaza sauti. Na Fundi, aliyejua lugha yao kidogo, akamsikia akisema kwamba aliyegundua kosa ni mtu wa gundi. Akamtaja kwa jina lake kamili, lile la kwao, jina refu lenye sauti ngeni, ambalo pale karakanani hakuna aliyejisumbua kulijifunza. Injinia alilitamka lote bila kujikwaa.

Mchana ule Fundi alimwendea mtu wa gundi. "Nifundishe jina lako," alisema. Ilimchukua mara tano kulipata. Mara ya tatu alilitamka vibaya hadi mwenyewe akacheka kwa sauti. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Tangu siku ile jina la Bwana Ndiyo likaachwa, na yeyote aliyeteleza akatumia jina hilo, Fundi alimgonga rula begani.

Jioni Injinia alimwita Fundi ofisini.

"Jana ulinikasirikia?"

Fundi alitaka kusema hapana, hapana, Injinia, kidogo tu. Akajizuia. "Ndiyo. Niliandika barua ya kuacha kazi."

Injinia alishtuka hasa. "Kwa maneno yale tu? Lakini mimi nakuheshimu! Kwetu nikimwona mtu hana maana, ndipo nanyamaza. Nikimwambia wazi, ni kwa sababu najua anaweza."

"Kwetu anayekuheshimu anakuita pembeni. Lakini hata mimi nilikuficha jambo: niliona gundi inang'aa wakati inabandikwa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Kwetu mkubwa hakosolewi mbele za watu."

"Kwetu aliyenyamaza amekubali."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliokuwa wakisukuma mlango mmoja, kila mmoja upande wake.

Walikubaliana mambo machache, wala hayakuhitaji semina. Kosa la mtu litasemwa pembeni. Kosa la kazi litawekwa mezani, na yeyote ana ruhusa kuliweka, awe mkubwa au mgeni wa jana. Kila asubuhi karakana itakutana kwa dakika kumi. Aliye mdogo kwa cheo ataanza kusema, na Injinia atasema mwisho, maana mkubwa akitangulia, wengine wote humwitikia tu. Anayeona tabu kusema ataandika au ataonyesha kwa mikono. Na maagizo yakija kutoka nchi nyingine, swali la kwanza litakuwa: hapa kwetu yanafaa?

Fundi alimsimulia mkewe yote hayo wakati wa chakula. Mkewe alitikisa kichwa kwa furaha.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lakini atamponyaje mtu asiyemwuliza?"

Majokofu sitini yalikaguliwa moja moja. Ishirini na matatu yalibanduliwa mpira na kubandikwa upya. Wenyeji na wageni walifanya kazi bega kwa bega kwa siku sita, na mtu wa gundi ndiye aliyekuwa mwalimu. Lori lilichelewa kwa wiki moja. Vituo vya afya vilipewa taarifa mapema, vikasubiri. Hakuna hata jokofu moja lililorudi. Makao makuu yaliandika maagizo mapya, yenye mistari miwili: mmoja wa hewa kavu, mmoja wa hewa ya mvua. Yalipelekwa viwanda vyote tisa.

Dakika kumi za asubuhi hazikuwa rahisi mwanzoni. Wiki ya kwanza watu walitazama viatu vyao. Wiki ya pili, kijana wa kupaka rangi alisema kinyunyizio chake kinavuja, kikatengenezwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo ndimi zikalegea. Fundi mmoja mwenyeji alilegea mno, ikabidi aoneshwe saa. Injinia naye alijifunza. Siku moja alimvuta mtu pembeni kumkosoa, na pembeni pale akamkosoa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Fundi alimwendea polepole, akamwambia, "Injinia, hapa ni pembeni, lakini sauti yako iko katikati." Alicheka, akaishusha.

Miezi mitatu ilipita. Akaja mkubwa mmoja kutoka makao makuu, mtu wa suti na daftari la ngozi. Alitembea karakanani akipendezwa na kila alichokiona. Kisha akasimama mbele ya zamu nzima.

"Mnatoa majokofu thelathini kwa siku," alisema, na Injinia akatafsiri. "Kazi yenu ni safi. Nataka arobaini kuanzia mwezi ujao. Mnaweza?"

Kimya kikatanda. Mkubwa akatabasamu, akafungua daftari aandike arobaini.

Mkono ukanyanyuka nyuma. Ulikuwa wa mtu wa gundi.

"Hapana," alisema.

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini karakana nzima iliisikia. Fundi Rula alishika meza.

"Thelathini na manne tunaweza," mtu wa gundi aliendelea, na Injinia akatafsiri. "Rafu za kukaushia zinabeba milango thelathini na minne. Ikizidi, tutabandika gundi ikiwa mbichi, na chanjo itaharibika. Ukitaka arobaini, tujengee rafu mbili zaidi."

Mkubwa alimgeukia Injinia, akamwuliza kama ni kweli. Injinia alikunja mikono.

"Mimi husema mwisho," alijibu. "Bado kuna watu kumi na wawili hawajasema."

 Mkubwa akavuta kreti tupu, akaketi juu yake na suti yake yote, akageuza ukurasa mpya wa daftari. Akawasikiliza mmoja mmoja hadi wa mwisho.

Rafu mbili zilifika baada ya wiki tatu. Mtu wa gundi ndiye aliyeonyesha mahali pa kuziweka.